Kizimba cha kuku cha Gerezani: nimekitumia miezi saba, maoni yangu haya hapa

Naanza na bei maana najua ndo kitu wengi mnatafuta. Kizimba chenyewe 380,000/=, kirikuu kutoka Gerezani, mtaa wa mafundi vyuma hapa Dar, mpaka kwetu Tabata 35,000/=, na vijana wawili wa mtaani waliosaidia kushusha niliwapa 5,000/= kila mmoja. Urefu mita 2, upana mita 1, kimo kama futi 6 ukihesabu na bati, miguu imenyanyua sakafu sentimita 60 kutoka chini. Wanalala humo matetea 12 na jogoo mmoja. Mi nakipa nyota nne na nusu, hiyo nusu niliyokata ntaeleza huko mbele.

Ila siwezi kueleza hiki kizimba bila kuelezea kilivyokuja, maana hatukuwa na wazo la kufuga kabisa.

Mama yangu nilimleta Dar mwaka jana baada ya mzee kufariki. Katoka Singida kijijini, kule alikuwa na kuku anaachia asubuhi wanaenda wanakojua wenyewe, jioni wanarudi, yeye mwenyewe mchana yuko shamba au kwa jirani au kanisani. Huku sasa nyumba ina ukuta na geti, mimi na baba watoto tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, watoto wanapitiwa na gari la shule, tunarudi saa mbili usiku kama foleni ya Buguruni imekuwa na huruma. Funguo ya geti tulimwachia lakini aende wapi, hamjui mtu. Anakaa, anapika, anakaa tena. Nilikuwa najiambia anapumzika, amefanya kazi sana maishani.

Sasa binti yangu yuko kidato cha pili, akapewa insha ya Kiingereza kuhusu familia, akaandika kwamba bibi yake anampenda ila yupo cooped up ndani ya nyumba yetu. Mwalimu akaiwekea vema kubwa ya rangi nyekundu. Nikasoma nikamuuliza hii coop si banda la kuku? Akanijibu ndio mama, ila inasemwa hata kwa mtu, mtu akibanwa sehemu moja hatoki. Aisee niliumia. Nikataka kumgombeza, ila ningemgombeza kwa kosa gani? Bibi yake alikuwa anasikiliza pale kwenye mkeka akauliza mtoto kaandika nini, akatafsiriwa, akasema taratibu kabisa, "Kasema kweli. Mmenitia tengani mwanangu, ila najua hamkukusudia."

Tenga. Kama hujawahi kusafiri na basi za kanda ya kati labda hulijui vizuri, ni lile kapu kubwa la fito ambalo kuku wa Singida na Dodoma wanasafirishiwa mpaka masoko ya huku, vichwa vinatokeza kwenye matundu, wamebanana, wengine wanafika Shekilango hawawezi hata kusimama. Mama ameshapakia matenga mengi sana maishani, kwaiyo alivyosema vile alikuwa anajua anachosema.

Usiku ule binti akachukua simu yangu akaanza kutafuta hilo neno, naona na yeye roho ilimsuta. Na kumbe mama alikuwa amepatia kuliko alivyodhani, maana coop ya Waingereza zamani lilikuwa ni neno la kapu tu, kapu la kusuka, ndo baadae likawa kapu la kufunikia kuku, ndo likawa banda. Ukilifuatilia nyuma zaidi unafika kwenye Kilatini, cupa, yani pipa, na ndo maana fundi wa kutengeneza mapipa kwa Kiingereza ni cooper na yale majina ya ukoo ya kina Cooper yanatoka hapo. Na lilikuwa pia jina la kapu la kutegea samaki, yani sawasawa na dema la wavuvi wetu wa pwani. Kapu moja, kuku humo, samaki humo, mwisho na binadamu humo.

Halafu akasoma kitu ambacho mi sikuwahi kusikia. Marekani karne ya 19 kulikuwa na uhuni wa uchaguzi ukiitwa cooping, wanamkamata mtu barabarani, wanamfungia chumbani na wenzake, wanamlewesha kwa pombe au madawa, wanambadilisha nguo, wanamzungusha vituo vya kura anapiga kwa majina tofauti tofauti. Kuna mwandishi maarufu wa kule, Edgar Allan Poe, aliokotwa Baltimore tarehe 3 Oktoba 1849, siku ya uchaguzi, hajielewi, amevaa nguo ambazo zilionekana sio zake, akafa siku nne baadae, na moja ya nadharia za kifo chake ni hiyo hiyo, kwamba alikuwa ametiwa bandani. Haijathibitishwa mpaka leo. Mama aliguna tu akasema, "Masikini, wamemfunga mtu kama kuku wa sikukuu."

Wiki ile ile nikaamua namletea kuku. Sikuwa na akili nyingine.

Kosa la kwanza sasa, na hapa nyie mnaotaka kununua mnisikilize vizuri. Nilinunua banda lililokuwa tayari limewekwa barabarani, la mbao, muuzaji simtaji, 150,000/=, akaniapia kwamba linaingia kuku 20. Nikalibeba. Nilivyofika nyumbani ndo nikachukua futi nikapima, sentimita 120 kwa 60. Piga hesabu, ni sentimita za mraba 7,200, gawa kwa kuku 20 kila mmoja anapata 360. Karatasi moja ya A4 ina kama 624. Yani kuku mzima mwenye mabawa na miguu apewe nusu karatasi na kidogo, hapo ale, alale, atage. Wenzetu wa Umoja wa Ulaya zile keji za kawaida ambazo kila kuku alikuwa anapata angalau sentimita 550 wamezipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 2012, walishaona kiumbe anateseka, na huyu bwana barabarani ananiuzia 360 na anatabasamu.

Tuliweka kumi tu na bado wakaanza kudonoana. Mmoja akadonolewa mgongo mpaka nyama ikaonekana. Waya wenyewe ulikuwa ule mwepesi wa matundu ya pembe sita, na hili ndo somo kubwa sana ambalo wauzaji hawakwambii: ule waya unamzuia kuku asitoke, haumzuii adui asiingie. Panya buku aliutafuna pembeni kwenye mbao, usiku mmoja tukapoteza vifaranga vinne. Paka shume naye alikuwa anaingiza mkono. Na komeo ilikuwa kipande cha msumari kimekunjwa.

Sasa hiyo komeo. Siku moja mchana tetea mweusi akaisukuma ikafunguka akatoka, akaruka ukuta huyo. Waingereza mtu akitoroka wanasema ameruka coop, basi huyu aliruka kweli. Mama yuko peke yake nyumbani. Akachukua funguo, akafungua geti, akatoka kumtafuta. Miezi mitano alikuwa hajatoka lile geti mwenyewe kwa miguu yake bila mimi. Akaenda nyumba ya kwanza akapiga hodi, hakuna mtu, ya pili hakuna, ya tatu akamkuta mama mmoja mtu mzima anapepeta mchele kibarazani na tetea wangu anaokota chenga pembeni yake bila wasiwasi. Yule mama akamwambia karibu, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ila huyu wako kamba kaikata mapema. Wakacheka. Nilivyorudi usiku nikamkuta mama anaongea mpaka nikashangaa, ananipa habari za mtaa wangu mwenyewe ambao nimeishi miaka tisa, nani mgonjwa, nani kaoza binti, wapi wanauza dagaa wazuri wa Mwanza.

Kwaiyo lile banda bovu silipendi lakini komeo yake mbovu naishukuru mpaka leo.

Basi ndo nikaenda Gerezani. Wale wageni wa Dar, Gerezani ipo pale Kariakoo upande wa kuelekea stesheni ya reli, ni mtaa wa vyuma, unasikia nyundo kabla hujafika. Kuna ushirika wa mafundi vyuma wa siku nyingi pale, DASICO, na pembeni yake wapo mafundi wengi wanaojitegemea. Fundi wangu ni wa hao wanaojitegemea, simtaji jina hapa maana hajaniruhusu. Jina la mtaa nalo lilimgusa mama nilivyomwambia nimeagiza kizimba Gerezani, akauliza kwani hakuna sehemu nyingine yenye jina zuri. Nikamwambia gereza lenyewe wanaolifuatilia neno wanasema limetoka kwa Wareno, igreja, na kwao maana yake ni kanisa, likahamia kwenye ngome kama ile Gereza ya Kilwa Kisiwani, ngome zikafungiwa watu, likaishia kuwa jela. Akanyamaza kidogo akasema basi maneno yanapata shida kama watu.

Na kizimba ni neno la hivyo hivyo ukilitazama. Fikiria Kisutu tu. Pale kuna soko la Kisutu ambalo kuku wapo kwenye vizimba wanasubiri kuchinjwa, na sio mbali kuna mahakama ya Kisutu ambayo kila wiki unasikia kwenye taarifa ya habari fulani amepandishwa kizimbani. Neno moja. Mfanyabiashara wa sokoni naye meza yake anaiita kizimba na analipia ushuru, takataka za mtaa zinapelekwa kwenye kizimba, na huko Ziwa Victoria wanafuga sato kwenye vizimba vya nyavu. Nilipomwambia fundi nataka kizimba akaniuliza sista, cha kuku, cha mbwa au cha dukani, ikabidi nifafanue.

Alichonifurahisha fundi huyu ni kwamba hakuniuliza nina hela ngapi kwanza, aliuliza kuku wangapi, wanalala tu humo au wanashinda humo humo, na kinakaa kwenye jua au kivuli. Nikamwambia wanalala tu na kutaga, mchana wanaachiwa uani. Akasema basi mita mbili kwa moja inatosha kwa 12, ila wakishinda humo humo usizidishe wanane. Mtu anayekupunguzia idadi badala ya kukuongezea, huyo mpe kazi.

Fremu ni skwea paipu ya inchi moja, imepigwa redoksaidi ya kuzuia kutu kwanza halafu rangi ya kijani juu. Waya ni ule mgumu wa kuchomelewa wenye matundu ya nusu inchi, panya buku hapiti, paka haingizi mkono, nyoka mkubwa pia hapiti. Upande wa nyuma na nusu ya pembeni ameziba na bati ili mvua ya masika isipige ndani, mbele na upande mwingine ni waya mtupu hewa inapita, na kwa joto la Dar la Februari hewa ndo kila kitu, kuku hatoki jasho jamani, anahema tu mdomo wazi, ukimziba amekufa. Bati la juu limetokeza mbele kama futi moja na nusu.

Ndani kuna fito mbili za kulalia, za mbao za mviringo, kila moja mita 2. Mama ndo alikataa chuma, alisema kuku ashike mti. Hesabu yake ni kila kuku sentimita 20, kwaiyo wanatosha na nafasi inabaki. Viota vitatu vya kutagia, vimetokeza nje kwa nyuma na vina mfuniko wa bawaba, unafungua kwa nje unaokota mayai bila kuingia na kuwasumbua. Kiota kimoja kwa kuku wanne watano ni kipimo kinachokubalika, na kweli sijaona wakigombania, japo wote wanapenda kile cha katikati sijui kwa nini.

Sakafu ndo tulibishana. Fundi alitaka sakafu ya waya ili kinyesi kidondoke, wengi wanaagiza hivyo. Mama alimwambia kwa simu, baada ya fundi kumpa shikamoo yake, "Baba, wewe ungelala juu ya waya?" Fundi akatengeneza trei ya bati inayovutwa kama droo, tunamwaga maranda humo, kila baada ya siku nne tano tunavuta tunamwaga kwenye shimo la mbolea. Miguu ya kuku iko safi, hawana vidonda vya nyayo. Na harufu ni ndogo sana, hilo nalo muhimu mkiwa na majirani wa ukuta kwa ukuta.

Komeo ni mbili, juu na chini, na sehemu ya kufuli.

Sasa ile nusu nyota. Kwanza aliniahidi Alhamisi akaleta Jumatatu, na katikati simu ilikuwa haipokelewi, hiyo mi siipendi, bora mtu aseme ukweli. Pili kona mbili za ndani hakuzipiga tupa vizuri, chuma kilikuwa na ncha, jogoo akajichana upanga wake wa kichwani, ikabidi nimwite fundi wa mtaani asage. Tatu hakina matairi na ni kizito kweli kweli, kukihamisha kwa ajili ya kufagia chini inahitaji watu wanne. Ukiagiza mwambie mapema aweke matairi mawili upande mmoja, mtu mmoja ananyanyua upande wa pili anasukuma kama toroli.

Kingine, kizimba kizuri hakikingi kideri. Watu wanajenga banda la milioni halafu kuku wote wanakufa kwa wiki moja kwa kukosa chanjo ya bei ndogo. Sisi tunadondoshea jichoni kila baada ya miezi mitatu, tone moja kwa kuku mmoja, mama ndo anashika na binti anadondoshea. Na vifaranga usiviachie uwanjani peke yake, hawa kunguru wetu wa Dar wenye shingo ya kijivu, ambao walianzia kuletwa Zanzibar miaka ya 1890, wanabeba kifaranga mbele ya macho yako.

Watu wananiuliza si bora ningechukua zile keji za kuku wa mayai maana ndo wanataga zaidi. Mi simlaumu mtu anayefanya biashara, ana marejesho ya mkopo, ana ada. Ila hiki hatukukinunua kwa ajili ya mayai. Kipimo changu cha kizimba ni kimoja tu, jioni saa kumi na mbili mlango ukiwa wazi, kuku wanaingia wenyewe au wanafukuzwa? Kwenye lile banda la mbao tulikuwa tunawakimbiza uani na ndoo na fagio, watoto wanalia, kuku wanalia. Hiki cha sasa wanapanda ngazi yao mmoja mmoja, wanajipanga kwenye fito, mama anahesabu kwa Kinyaturu mpaka kumi na tatu ndo anafunga komeo. Hata yule mweusi mtoro.

Asubuhi ndo nafurahi zaidi japo huwa siioni, nasimuliwa. Mama anafungua kizimba, halafu anafungua geti, analiacha wazi na kiti chake anaweka pale pale. Yule jirani wa mchele anakuja na ungo wake. Wengine wanakuja kuchukua mayai, trei haikai siku mbili. Ile kamba ya mguuni ambayo kule kwetu unamfunga kuku mgeni siku tatu mpaka azoee, ameitundika kwenye msumari wa kizimba, sasa wameanikia kanga.

Wiki iliyopita nimeagiza kingine kidogo cha vifaranga kwa fundi yule yule. Safari hii sikwenda mimi, mama na yule jirani walipanda daladala ya Kariakoo wenyewe wakaenda kusimamia, wakakuta Jumatano kazi haijaanza wakakaa hapo hapo kwenye benchi mpaka alipochomelea fremu. Kina matairi.